Mgawanyo wa kazi za nyumbani kati ya wanawake wa Upare

Mgawanyo wa kazi za nyumbani kati ya wanawake wa Upare ni utaratibu unaofuatwa na wanawake wa vizazi mbalimbali wanaoishi katika kaya moja, au katika nyumba zilizo kwenye kiwanja kimoja cha familia, ili kugawana upishi, uchotaji wa maji, utafutaji wa kuni, malezi ya watoto, uuguzi wa wagonjwa na wazee, ulishaji wa mifugo na kilimo cha chakula. Makala hii inahusu hasa Wilaya ya Same na Milima ya Pare katika Mkoa wa Kilimanjaro, kaskazini mashariki mwa Tanzania.

Utaratibu huo hutegemea umri, ndoa, afya na nafasi ya mwanamke katika ukoo. Umebadilika sana tangu mwanzo wa karne ya 20 kutokana na kodi za kikoloni, kazi za mshahara, dini mpya, shule, vijana kuhamia mijini, mashine za kusaga na mabomba ya maji. Kwa kuwa kazi hizo hazina mshahara, thamani yake huonekana zaidi pale mtu mmoja anapoondoka, na pia wakati wa talaka, mirathi au uzee.

## Eneo na watu

Milima ya Pare ni sehemu ya safu ya Milima ya Tao la Mashariki. Upare wa Kaskazini, wenye maeneo ya Usangi na Ugweno, uko katika Wilaya ya Mwanga. Upare wa Kusini uko katika Wilaya ya Same, na kilele chake kirefu ni Shengena chenye mita 2,463 juu ya usawa wa bahari. Mwanga ilikuwa sehemu ya wilaya moja ya Pare hadi ilipofanywa wilaya ya pekee mwaka 1979. Kwa sensa ya mwaka 2012 Wilaya ya Same ilikuwa na wakazi 269,807, na kwa sensa ya mwaka 2022 walikuwa 300,303.

Wenyeji walio wengi ni Wapare, ambao hujiita Vaasu. Lugha yao kuu ni Chasu (Kipare), na katika Ugweno huzungumzwa pia Kigweno. Wapo pia Wasambaa, Wachaga, Wamasai na watu wengine, hasa katika miji ya tambarare.

Tofauti kati ya mlima na tambarare ina athari kubwa katika kazi za nyumbani. Milimani, kama vile Chome, Suji, Vudee, Mbaga na Mamba, mvua ni nyingi na chemchemi ziko karibu zaidi, lakini njia ni za mwinuko mkali na mizigo hubebwa kichwani. Tambarare, kama vile Hedaru, Makanya na mji wenyewe wa Same, ardhi ni kame kwa sehemu kubwa ya mwaka na maji huweza kuwa mbali. Familia nyingi zina mashamba pande zote mbili. Msimu wa kilimo unapofika, baadhi ya watu wa kaya hushuka tambarare kwa siku au majuma kadhaa, na waliobaki mlimani huchukua kazi za walioondoka.

## Muundo wa kaya

Wapare hufuata ukoo wa baba. Kwa desturi mwanamke anapoolewa huhamia kwa mume wake, ambako huwakuta wakwe, mawifi ambao hawajaolewa na wake wa shemeji zake. Watoto wa kiume hupewa sehemu ya ardhi ya baba na kujenga karibu naye, na mara nyingi kitinda mimba wa kiume hubaki katika nyumba ya wazazi na kuwatunza. Kwa hiyo kiwanja kimoja huweza kuwa na nyumba tatu au nne zenye vizazi vitatu, wakati mwingine vinne.

Si kila kiwanja cha namna hiyo ni kaya moja. Kipimo kinachotumika katika maisha ya kila siku ni chungu: wanaopikiwa pamoja ni wamoja kwa chakula, kuni na maji, na wanaopika mbalimbali hujitegemea hata kama milango yao inatazamana. Hata hivyo, majiko yaliyotengana huendelea kushirikiana katika malezi, ugonjwa, sherehe na misiba.

Mkamwana mgeni kwa kawaida huanza maisha ya ndoa akipika katika jiko la mama mkwe (mavyaa). Katika kipindi hicho hujifunza desturi za nyumba, mipaka ya mashamba, ndugu wanaopaswa kuheshimiwa na namna ya kutumia akiba ya chakula. Baada ya muda, mara nyingi akiwa amepata mtoto mmoja au zaidi, yeye na mumewe hutengana jiko na wazazi. Hatua hiyo humpa mamlaka juu ya ghala na chungu chake, lakini humwondolea pia msaada wa karibu wa wanawake wengine. Ndiyo maana wapo wanaoharakisha kutengana na wapo wanaochelewesha, kulingana na uhusiano uliopo na idadi ya watoto wadogo.

## Namna kazi zinavyogawanywa

### Bibi na mama mkwe

Mwanamke mzee huachiwa kazi ambazo hazihitaji mwendo mrefu: kuangalia watoto wadogo, kuchambua maharage, kupukuchua mahindi, kuanika mazao, kulinda kuku na kutunza moto. Pia ndiye anayetunza mbegu na kukadiria chakula kitakachofikisha kaya hadi mavuno yajayo. Mamlaka yake juu ya ghala humwezesha kuamua kiasi cha kupika, cha kuuza na cha kuwapa ndugu wenye njaa.

Mchango wa bibi katika malezi umechunguzwa pia kwingineko nchini Tanzania. Kristen Hawkes na wenzake, waliofanya utafiti miongoni mwa Wahadza wa eneo la Ziwa Eyasi, walionyesha kwamba mama anapokuwa na mtoto mchanga, ukuaji wa watoto wake waliotangulia huendana na juhudi za bibi katika kutafuta chakula. Wahadza huishi kwa kuwinda na kukusanya, tofauti na Wapare ambao ni wakulima na wafugaji, lakini jambo la msingi linafanana: bibi anayefanya kazi humwezesha mama kurudi shambani mapema, na mtoto aliyeachishwa ziwa hakosi mtu wa kumlisha.

### Wakamwana

Wakamwana hubeba sehemu nzito zaidi ya kazi: maji, kuni, kilimo, kukata majani ya ng'ombe na mbuzi wanaofugwa zizini, kufua na kupika mlo wa jioni. Pale ambapo wako wawili au zaidi katika jiko moja, hufuata zamu. Zamu ya jiko huweza kuwa ya siku moja au ya juma. Asiye na zamu ya jiko huenda shamba au kuni siku nzima, naye akirudi hukuta chakula tayari.

Mke wa kaka mkubwa ana heshima kuliko waliokuja baada yake hata kama amewazidi umri kwa miaka michache tu. Mkamwana mpya anapoingia, waliotangulia hupunguziwa kazi kama kuamka alfajiri kuwasha moto. Jambo hilo ni chanzo cha nafuu kwa wengine na cha manung'uniko kwa mgeni, hasa kama mumewe anafanya kazi mbali na hayupo kumtetea.

### Mawifi na mabinti

Wifi ambaye hajaolewa ni mtoto wa nyumba, na kwa hiyo ana uhuru ambao mke wa kaka yake hana. Anapofanya kazi kwa hiari huwa nguzo ya jiko, na anapokataa ni vigumu kwa mkamwana kumlazimisha. Suala hilo huachiwa mama mzazi. Wifi aliyeolewa au aliyeachika akirudi nyumbani, hutazamiwa kushika kazi kama wengine, ingawa haki yake ya kulima ardhi ya baba hutegemea sana hiari ya kaka zake.

Mabinti huanza na kazi ndogo kama kufagia, kuosha vyombo na kubeba mdogo wao kwa mbeleko, kisha hupewa ndoo kulingana na nguvu zao. Wavulana hupelekwa zaidi kwenye mifugo, lakini katika nyumba isiyo na binti nao huchota maji na kupika. Wakati huo huo, mzigo wa binti hupungua kadiri anavyokuwa na dada wengi, na huongezeka mama anapojifungua au kuugua.

### Uzazi, ugonjwa na msiba

Mwanamke aliyejifungua huondolewa kazi nzito kwa majuma kadhaa. Mama mkwe, mama mzazi au mdogo wake huja kumpikia, kumkanda na kumwogesha mtoto. Kipindi hicho hudhihirisha uzito wa ushirikiano, kwa sababu mzazi asiye na ndugu wa kike karibu hulazimika kurudi kwenye kuni na maji mapema mno.

Katika msiba, wanawake wa ukoo na majirani huhamishia kazi zao katika nyumba ya mfiwa. Wengine huleta kuni, wengine maji, wengine unga na maharage, na wakamwana wa ukoo ndio wanaosimamia masufuria. Mchango wa kila mmoja hukumbukwa, na asiyeonekana katika misiba ya wenzake hupata shida siku ya kwake.

## Chakula na ratiba ya siku

Makande, yaani mahindi yaliyokobolewa na kuchemshwa pamoja na maharage, ni chakula kinachohusishwa sana na Wapare kote nchini Tanzania, na mara nyingi hutajwa katika utani wa makabila. Chakula hicho kinafaa ratiba ya kaya yenye wanawake wengi. Ugali huhitaji mtu mwenye nguvu wa kuusonga wakati wa kula, lakini chungu cha makande hukaa motoni kwa saa kadhaa kikihitaji tu kuongezewa maji na kuni. Bibi anaweza kukiangalia huku akilea watoto, na waliokwenda shamba hupata chakula wakirudi. Kinachobaki hupashwa moto asubuhi.

Gharama ya makande iko kwenye kuni na kukoboa. Zamani mahindi yalikobolewa kwa kinu na mchi, na wanawake wawili au watatu walitwanga kwa kupokezana. Nafaka ya unga ilisagwa kwa mawe. Mashine za kukoboa na kusaga zimepunguza kazi hiyo ya misuli, lakini zimeleta haja ya fedha taslimu na safari ya kwenda mashineni. Kuloweka maharage na mahindi usiku kucha hupunguza muda wa kupika na kiasi cha kuni.

Katika kaya ya mlimani, siku ya kawaida huanza kabla ya mapambazuko kwa kuwasha moto, kuchota maji na kuwaandaa wanafunzi. Asubuhi hadi mchana ni muda wa shamba: migomba, mahindi, maharage, kahawa, mboga, na katika maeneo kama Mamba pia tangawizi. Alasiri hutumika kwa majani ya mifugo, kuni na maji ya jioni. Kupika, kuogesha watoto na kuosha vyombo huendelea hadi usiku. Kaya yenye mwanamke mmoja hufanya haya yote kwa kufuatana. Kaya yenye wanawake wanne huyafanya kwa wakati mmoja.

## Maji ya ndiva na kilimo

Upare una mapokeo ya kale ya umwagiliaji. Maji ya vijito huelekezwa kwenye mifereji hadi kwenye bwawa dogo liitwalo *ndiva*, ambalo hujaa usiku na kufunguliwa mchana kwa zamu. Mabwawa hayo yapo katika vijiji vya Upare wa Kusini, kwa mfano katika bonde la Makanya. Ukarabati hufanywa kwa kazi ya pamoja iitwayo *msaragambo*, ambayo hutumika pia kwa barabara, shule na zahanati.

Kwa desturi, ujenzi na usimamizi wa mifereji ulikuwa mikononi mwa wanaume na koo zilizochimba mfereji. Hata hivyo, zamu ya maji ikifika, shamba halina budi kuwa na mtu, na wanaume wengi wanapokuwa mjini au kwenye kazi za mshahara, anayekwenda ni mke. Zamu hiyo haijali kama mtoto ana homa au chungu kiko motoni. Mwanamke mwenye mkamwana, mama mkwe au binti mkubwa humwachia nyumba. Asiye nao huomba jirani au hupoteza zamu. Kwa njia hii mgawanyo wa kazi jikoni unaathiri moja kwa moja mavuno.

Hali ni hiyo hiyo katika msaragambo. Kaya hutakiwa kutoa mtu wa kufanya kazi, na mjane anayeishi peke yake hutoa siku yake yote. Kaya kubwa hupeleka mmoja na wengine wakaendelea na shughuli zao.

## Historia

### Kabla ya ukoloni na wakati wa ukoloni

Mwanahistoria Isaria N. Kimambo, aliyeandika kwa kina juu ya Wapare, alionyesha kuwa jamii hizo zilikuwa na utawala wa koo na watemi, kilimo cha mlimani, ufugaji, uhunzi na biashara na majirani kabla ya karne ya 20. Uzalishaji wa chakula ulitegemea nguvu za kaya, na wanawake walikuwa sehemu kubwa ya nguvu hizo.

Utawala wa Kijerumani ulileta kodi, na reli iliyoanzia Tanga ilipita kando ya milima na kufika Moshi mwaka 1911. Mashamba ya mkonge yalienea tambarare. Wanaume walianza kwenda kutafuta fedha katika mashamba hayo na mijini, na kilimo cha kahawa kilipoenea milimani fedha yake ilipita zaidi mikononi mwa wanaume. Kazi za chakula ambazo zamani ziligawanywa kati ya mume na mke zilielemea zaidi kwa wanawake waliobaki nyumbani. Kuishi pamoja na mama mkwe kulikuwa njia mojawapo ya kukabiliana na upungufu huo wa mikono.

### Mbiru

Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ya Uingereza ilianzisha katika Upare kodi iliyotozwa kulingana na makadirio ya mapato, iliyojulikana kwa jina la *mbiru*. Wananchi waliipinga, na kuanzia mwaka 1945 maelfu ya wanaume walikusanyika mjini Same kwenye makao ya wilaya. Baadaye wanawake walijiunga na upinzani huo, hasa wale wa Usangi, wakidai suluhisho ili waume zao warudi nyumbani. Kodi hiyo hatimaye iliondolewa.

Mbiru hukumbukwa kama tukio la kisiasa, lakini ilikuwa pia suala la kazi za nyumbani. Wanaume wasingeweza kukaa mbali bila wanawake kulima, kutunza mifugo na kulea watoto peke yao. Wanawake walipoandamana, walikuwa wanaeleza hasara iliyokuwa imeingia katika kaya zao.

### Dini

Wamisionari wa Kiadventista walifika Upare wa Kusini mwaka 1903, na Walutheri walianzisha misheni zao pia, mojawapo ikiwa Mbaga. Uislamu una wafuasi wengi katika Usangi, Ugweno na miji ya tambarare. Kila dini imeathiri ratiba ya kazi za wanawake.

Athari iliyo wazi zaidi ni ya Waadventista Wasabato, ambao ni wengi katika Upare wa Kusini. Kwa kuwa Sabato huanza Ijumaa jua linapotua na kumalizika Jumamosi jua linapotua, Ijumaa huwa siku ya maandalio: kuni za siku mbili, maji ya kutosha, nguo zilizofuliwa na chakula kilichopikwa kabla ya machweo. Mapumziko ya Jumamosi hutegemea hivyo wingi wa kazi ya Ijumaa, na kaya yenye wanawake wengi huimaliza mapema. Kwa Waislamu, mwezi wa Ramadhani huhamishia upishi mkubwa alasiri na kabla ya alfajiri, na wakamwana hupeana zamu ya kuamka kupika daku.

### Baada ya uhuru

Mpango wa elimu ya msingi kwa wote, uliotekelezwa katika miaka ya 1970 kufuatia Azimio la Musoma la mwaka 1974, uliwapeleka mabinti wengi shuleni. Shule za sekondari za kata zilizoenea katika miaka ya 2000, na kufutwa kwa ada hadi kidato cha nne kuanzia mwaka 2016, kuliongeza miaka ambayo binti hayupo nyumbani mchana. Kazi zake hazikutoweka. Baadhi zilihamia asubuhi na jioni, nyingine zilirudi kwa mama na bibi. Kwa binti mwenyewe, tofauti kati ya kupata muda wa kujisomea na kukosa ilitegemea mara nyingi kuwapo kwa mwanamke mwingine wa kushika ndoo.

## Mabadiliko ya karne ya 21

Vijana wengi wa Upare huishi Moshi, Arusha, Tanga na Dar es Salaam. Kaya nyingi za mlimani zimebaki na wazee na wajukuu, na bibi aliyetarajia kupunguziwa kazi huanza tena kulea. Watoto walio mjini hutuma fedha kwa simu, na fedha hiyo huweza kulipa kibarua wa kulima au msichana wa kazi. Lakini fedha haiwezi kila wakati kuamka usiku kumpa mgonjwa maji. Kwa upande wa mjini, mke anayeajiriwa humwita mama au mama mkwe aje kulea mtoto mchanga, hivyo bibi mmoja huweza kuhitajika katika nyumba mbili zilizo mbali.

Mabomba ya maji yamebadilisha hali katika baadhi ya maeneo. Mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe, unaotumia maji ya Bwawa la Nyumba ya Mungu, ulizinduliwa Machi 2025 baada ya kuchukua miaka mingi. Pale ambapo bomba liko karibu, safari ya alfajiri hufupishwa na wanaume na wavulana huchota maji kwa urahisi zaidi, hasa kwa baiskeli au pikipiki.

Kuni bado ni nishati kuu ya kupikia vijijini. Ukusanyaji wake unadhibitiwa katika misitu ya hifadhi, ikiwemo Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Chome, kwa hiyo familia hutegemea miti ya mashambani na matawi makavu. Majiko banifu na mitungi ya gesi vinaongezeka. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Katika kaya nyingi gesi hutumika kwa chai na mboga, na makande hubaki kwenye mafiga kwa sababu ya muda mrefu wa kuchemka.

Vikundi vya kuweka na kukopa, kama VICOBA, vimewapa wanawake fedha zao wenyewe. Mkamwana mwenye biashara ndogo huweza kulipia mashine, kununua kuni au kumlipa mtu wa kufua, na hivyo kubadilisha zamu yake ya kazi kwa malipo. Baadhi ya mama wakwe hukubali utaratibu huo. Wengine huona kwamba kazi ya mikono ndiyo inayomwingiza mwanamke katika familia.

## Migogoro na usuluhishi

Migogoro ya kawaida huhusu zamu zisizotimizwa, matumizi ya chakula cha ghala, mtoto wa mmoja kuadhibiwa na mwingine, na tuhuma kwamba mama mkwe anampendelea mkamwana fulani. Hatua ya kwanza ni mazungumzo kati ya wanawake wenyewe, mara nyingi kupitia shangazi au mwanamke mwingine mwenye heshima katika ukoo. Wanaume huitwa suala likihusu mali, ardhi au ndoa. Viongozi wa dini na baraza la kata hushughulikia yale yaliyoshindikana nyumbani.

Njia nyingine ya kumaliza mgogoro ni kutengana jiko. Kwa kawaida hatua hiyo haihesabiwi kuwa ni uadui, na mara nyingi huboresha uhusiano, kwa kuwa msaada unaotolewa kutoka jiko moja kwenda jingine ni wa hiari na hushukuriwa.

## Thamani ya kazi katika sheria

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 114, inaipa mahakama uwezo wa kugawanya mali iliyochumwa na wanandoa kwa juhudi za pamoja. Kwa miaka kadhaa mahakama zilitofautiana kama upishi, malezi na usafi ni mchango katika mali hiyo. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango unaopaswa kutambuliwa. Uamuzi huo umekuwa msingi wa kesi nyingi za talaka zilizofuata.

Uamuzi huo unahusu mke na mume. Kazi ambayo mkamwana humfanyia mama mkwe, au wifi aliyebaki nyumbani kuwauguza wazazi, haina kipimo cha namna hiyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila zinazomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Kwa upande mwingine, Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963, lililoandikwa kwa ajili ya jamii zinazofuata ukoo wa baba, liliwaweka mabinti na wajane katika nafasi duni ya urithi. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliitaka Tanzania ibadilishe kanuni hizo.

Kwa wanawake wazee, suala ni matunzo. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kutoa pensheni kwa wazee wote wenye umri wa miaka 70 na zaidi, lakini Tanzania Bara haina pensheni ya aina hiyo kwa kila mzee. Kaya maskini huweza kupata ruzuku kupitia TASAF. Kwa wengine, akiba ya uzee ni watoto na wakamwana. Bibi aliyelea wajukuu na kuuguza wakwe hutegemea kwamba zamu yake ya kuuguzwa itafika akiwa na mtu wa kuishika.